Bastola chini ya kiti cha dereva: hii tabia iishe

Wenye bastola wa Mombasa, huu uzi ni wenu na nauandika kwa hasira. Mtu amepigwa msasa, amepewa kadi na Bodi ya Leseni za Silaha, halafu akiingia garini anaichomoa kiunoni na kuisukuma chini ya kiti, kisa inamchoma mbavu. Mwingine anaitumbukiza kwenye mfuko wa mlango pamoja na chaja na funguo. Na sasa imezuka hii ya kubandika sumaku chini ya usukani, eti iwe karibu.

Glock 19 yenye risasi 15 ina gramu 850 hivi. Ilaze sakafuni, ushuke Daraja la Nyali, tuktuk ikukatie mbele, ukanyage breki: gari linasimama, chuma kinaendelea. Kikiingia chini ya pedeli ya breki, pedeli haishuki. Sumaku nayo hushika silaidi tu (chuma cha juu cha bastola kinachoteleza nyuma na mbele), kifyatulio kiko wazi, na tuta moja lisilopakwa rangi latosha kuibandua. Hapo mkono unaruka kuidaka. Jamani, bastola inayoanguka iacheni ianguke! Nyingi za sasa zina kizuizi ndani kinachozuia pini isigonge risasi. Kinachofyatua ni kidole cha anayedaka. Glock haina sefti (swichi ya usalama) ya pembeni, na kifyatulio chake chavutwa na nguvu ya kilo mbili na nusu hivi. Hata kamba ya jaketi inaweza.

Silaha hukaa mwilini, ndani ya holsta (ala ya bastola) ngumu inayofunika kifyatulio chote. Ile ya kitambaa laini hukunjika mdomo, na ukirudisha bastola, mkunjo unaingia pale pale penye kifyatulio. Inakuchoma? Tatizo ni mahali ulipoiweka. Gari zetu usukani uko kulia, kwa hivyo mkanda wa kiti unaanzia upande wa mlango na kupita juu ya nyonga ya kulia, huku mgongo wa kiti ukisukuma mpini kuelekea mbavu. Kabla ya kuwasha gari, isogeze mbele kidogo pamoja na holsta yake bila kuichomoa, funga mkanda, kisha toa shati juu ya mkanda. Dakika moja haifiki.

Linaloniudhi zaidi ni kutoa risasi garini mkifika kwenye geti la hoteli. Wengi wanavuta silaidi kwanza, risasi inaruka, ndipo wanatoa magazini (kasha la risasi) na kusema iko tupu. Iko tupu wapi? Silaidi iliporudi ilipakia nyingine! Magazini kwanza, kisha silaidi, uifunge nyuma, uangalie chemba (tundu inamokaa risasi ya kupigwa) na uiguse kwa kidole. Na si ndani ya gari, kwa sababu humo mtutu hauna pa kuelekea: mlango, abiria, paja lako. Tena risasi ile ile ikipakiwa na kutolewa kila siku, kichwa chake kinadidimia ndani ya ganda, na siku ikipigwa presha inapanda kupita kiasi. Isimamishe kando ya mpya. Ikiwa fupi, usiitumie.

Kuhusu jasho na chumvi ya bahari niseme tu: ifuteni kila jioni na mpake mafuta kidogo.

Kuiacha kwenye dashibodi ukaenda kuogelea ufukwe wa Pirates, hapana. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakutaka uihifadhi salama wakati wote, na kioo cha gari si kabati la chuma. Polisi wakikusimamisha, mikono juu ya usukani, sema unayo na iko wapi, kisha ngoja uambiwe la kufanya. Usiipapase.

Na mnaowaachia vijana gari lioshwe: wao hunyanyua kapeti na kusukuma viti, na wanapoikuta hawajui kama imepakiwa. Kijana ameshika sponji mkono mmoja, bastola yako mkono wa pili, na wewe uko kivulini unakunywa madafu.