Mpwa wangu (15) anapiga upande mmoja tu: tumbakize Dar, tumpeleke India, au Kampala?

MjombaWaUpanga:
Wakuu habari za Jumapili. Nina mpwa wangu, kidato cha pili, anafungua kama mpigaji wa kwanza kwenye timu yake ya kriketi ya vijana. Alianza shuleni na mpira wa tenisi, sasa ni mwaka wa tatu na anacheza mpira mgumu. Ana jicho. Mpira ukija usawa wa kiuno anauondoa upande wa mguuni, ule wa mgongoni kwake, kabla kipa hajauona vizuri.

Mechi zake saba za mwisho alipata mikimbio (ndiyo pointi zetu) 43, 6, 51, 0, 12, 38 na 4. Nimejaribu kuzilinganisha mwenyewe nimeshindwa. Mwalimu mmoja anasema mikono yake mibovu, avunjwe aanze upya. Ndugu zetu wanasema tuchange aende India miezi mitatu kwenye chuo cha kriketi likizo ndefu. Dada yangu anataka ahamie sekondari ya Kampala, maana shule za kule zina kriketi ya ushindani. Mimi moyo wangu uko Dar, ila sitaki mapenzi yangu kwa mtoto yamharibie. Mnaoujua mchezo nisaidieni.

KipaMstaafu:
Mkuu, hizo namba zinaongea. 43, 51 na 38 alizipata wapi? Na zile ndogo alitolewaje?

MjombaWaUpanga:
Kubwa zote tatu ni kwenye mkeka uliotandikwa pale mpira unapodunda. Ndogo zote nne kwenye uwanja wa udongo. Mara tatu alitoka kwa mguu kuwa mbele ya vijiti, yaani mpira uligonga mguu badala ya gongo ukiwa unaelekea kwenye vijiti vitatu anavyovilinda; mara moja mpira ulipita chini ya gongo ukaangusha vijiti.

KipaMstaafu:
Basi ugonjwa tumeshaujua. Nimekaa nyuma ya vijiti miaka mingi, na kipa anaona kitu ambacho mzazi aliye pembeni ya uwanja hakioni: kichwa. Naweka dau mtoto anainamisha kichwa upande wa ofu, ule wa kifuani kwake, mpira unapoachiwa. Kichwa kikienda, uzito unafuata, mguu wa mbele unapita mbele ya vijiti, na gongo halina njia ila kuuzunguka huo mguu. Kwenye mkeka mpira unadunda juu na kwa usawa uleule kila mara, kwa hiyo anaponea, tena anaonekana hodari. Kwenye udongo mpira unakuja chini, mwingine unateleza kabisa, hapo pedi inaufikia kabla ya gongo.

Mrekodi kwa simu ukiwa umesimama nyuma ya mrushaji, si pembeni. Simamisha picha pale mpira unapotoka mkononi. Macho yake yakiwa yamelala kama mtu anayechungulia dirishani, jibu umepata.

Chang'ombe_Ofu:
Mimi niko upande wa India, na nilienda mwenyewe nikiwa na miaka 17. Mtu haelewi mpaka aone. Asubuhi mipira mia mbili, jioni mia mbili, na kila neti ina mrushaji wa spini, yaani anayeuzungusha mpira ugeuke ukidunda. Hapa Dar kijana akipata mipira hamsini ya maana kwa wiki ashukuru Mungu. Nilirudi najua kutumia miguu, kutoka nje ya mstari kuufuata mpira wa spini kabla haujadunda.

Lakini niseme ukweli wote. Kule nilikuwa mmoja kati ya vijana arobaini. Kocha alinijua kwa rangi ya kofia. Niliporudi nilikaa wiki kadhaa bila mechi kwa sababu ya masika, na nusu ya nilichojifunza kilipotea. India ni dawa ya mtu ambaye msingi wake umekaa. Mtoto ambaye kichwa kinaanguka akirushiwa mipira elfu kumi, ataanguka mara elfu kumi, na tabia itakuwa ngumu kama zege.

MamaJunior_Tabata:
Shemeji mjomba, mimi mwanangu alikwenda Uganda. Kriketi ya shule kule ni kweli ipo hai, watoto wanashindana na mashabiki wanajaa. Uganda ilifika Kombe la Dunia la 2024 la T20, ile kriketi fupi ya ova ishirini kila timu (ova moja ni mipira sita), na vijana wanaiona hiyo njia kwa macho yao. Akicheza na wenzake wanaokimbilia kitu kimoja, mtoto anabadilika.

Lakini kumtoa kidato cha pili katikati ni mtihani. Mitaala ni tofauti, yeye ana mtihani wa taifa mbele yake, na wa kwangu alipoteza mwaka mzima wa masomo akijaribu kuoanisha. Alilia kwenye simu usiku. Kama ni kwenda, aende baada ya kidato cha nne, akiwa na akili ya kujisimamia. Na mwulizeni yeye mwenyewe. Sijaona popote hapo juu mtoto anataka nini.

KochaWaMchangani:
Nimefundisha vijana Dar muda mrefu, nitaongea kwa kirefu kidogo mnisamehe.

Kwanza hilo la "avunjwe aanze upya". Nalipinga kwa nguvu zangu zote. Don Bradman, yule mpigaji wa Australia, alishika gongo kwa namna ambayo vitabu vya wakati wake havikuikubali, akamaliza na wastani wa mikimbio 99.94 kwenye mechi za Test, zile ndefu za siku kadhaa kati ya mataifa. Chanderpaul wa West Indies alisimama amefunguka kifua kizima kumwelekea mrushaji. Steve Smith wa Australia hadi leo anasogea mbele ya vijiti vyake. Kinachowaunganisha hao watu watatu ni kwamba mpira unapofika, kichwa kimetulia na macho yako usawa. Mikono ni sahihi ya mtu, kila mmoja ana yake. Ukimvunja mtoto wa miaka 15 mikono, unamnyang'anya kile kipigo cha mguuni ambacho ndicho kilichokufanya uje kuandika hapa.

Pili, tuelewane kuhusu muda. Kutoka kwa vijiti hadi vijiti ni mita 20 na kidogo. Mrushaji wa kilomita 130 kwa saa anakupa karibu nusu sekunde. Ndani ya hiyo nusu sekunde hakuna anayekumbuka maelekezo ya kocha. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu kimoja kidogo, kirudiwe mpaka kiingie mwilini.

Kwa mpwa wako ningefanya hivi. Wiki mbili za kwanza asipige kwa nguvu kabisa. Aangushiwe mpira kutoka usawa wa bega, udunde chini mara moja, aupige kwa mkono wa juu peke yake, ule wa kushoto kama anatumia kulia. Mkono wa chini ndio unaovuta kila kitu mguuni. Ukiupumzisha, gongo linaanza kushuka limenyooka. Kisha weka kandambili moja mahali mguu wake wa mbele unapotakiwa kutua, si mbele ya vijiti bali pembeni kidogo, ukielekea kwa mrushaji. Bradman alipokuwa mtoto kule Bowral alipiga mpira wa gofu kwa kijiti kimoja, ukigonga chini ya tangi la maji na kumrudia. Ukuta wa nyuma ya nyumba zetu unatosha kabisa kwa zoezi hilo, na halihitaji nauli ya ndege.

Mengine yote, jinsi ya kucheza mpira mfupi, kufagia spini kwa gongo lililolala, yaje baadaye.

Mlinda_Kona:
Naheshimu yote hayo, ila tujiulize na mbele kuna nini. Kriketi yetu hailipi. Nimeona wapigaji wazuri wakiishia kuuza vipuri Kariakoo.

KochaWaMchangani:
Mkuu hoja yako nzito na siipuuzi. Hailipi, na mjomba asimwambie mtoto vinginevyo. Lakini mlango haujawahi kuwa wazi kama sasa. Vijana wetu walifuzu Kombe la Dunia la chini ya miaka 19 la 2026, mara ya kwanza kabisa kwa Tanzania. Mwaka 2025 kule Harare timu yetu ya wakubwa ilifika nusu fainali ya Afrika ya kufuzu Kombe la Dunia la T20, ikafungwa na Namibia. Tangu 2019 mechi yoyote ya T20 kati ya nchi wanachama wa ICC, shirikisho la kriketi duniani, inahesabiwa kimataifa. Kombe la vijana huja kila baada ya miaka miwili. Huyu ana 15, atakuwa bado ndani ya umri duru ijayo. Hiyo ndiyo sababu nasema asipotezwe na safari wala asivunjwe. Anachohitaji ni mechi nyingi za udongo kati ya sasa na hapo.

Chang'ombe_Ofu:
Nakubaliana na kocha kwenye mpangilio. Kichwa kwanza, India akiwa 17.

MjombaWaUpanga:
Wakuu nimerudi baada ya Jumamosi mbili. Nilirekodi kama KipaMstaafu alivyoagiza. Macho yamelala kweli, nilishtuka, maana nimemtazama miaka mitatu nisione. Nilimwonyesha mwenyewe. Alinyamaza muda, akasema, "Mjomba, kumbe sikuwa nauona mpira, nilikuwa naubahatisha."

Mama Junior, nilimuuliza pia. Anataka kubaki Dar mpaka kidato cha nne, na dada kakubali. India tumeiahirisha, ile michango tumenunulia pedi zinazomtosha na mipira.

Mazoezi ya mkono mmoja anayachukia lakini anafanya. Jana kwenye udongo alipata 17. Ni kidogo, najua, ila alikaa ova tisa, na mikimbio minne kati ya hiyo ilipita upande wa ofu, mpira umeteleza chini kati ya wazuiaji wawili. Sijawahi kumwona akipiga huko.

Natafuta mrushaji wa spini wa mkono wa kushoto anayeweza kuja Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza. Nauli na chai juu yangu. Aliyepo Upanga, Kariakoo au Kinondoni aniandikie ujumbe.