TUPEANE UZOEFU: Wakati wa korona, wewe kijana mazoezi yalikutuliza au yalikushinda?

Mkaa_Ngazini (Mombasa), mwanzisha uzi

Salaam wakuu. Juzi mdogo wangu kaniuliza korona ilikuwaje, kama mtu anayeuliza habari za vita vya zamani. Nikaanza kumsimulia, nikajikuta nasimulia ngazi.

Mwaka 2020 nilikuwa kidato cha nne, tunakaa Mji wa Kale. Shule zilifungwa katikati ya Machi, kafyu ikaanza tarehe 27, na hata hatujaizoea, Mei 6 mtaa mzima ukafungwa: hatoki mtu, haingii mtu. Tumo ndani ya Ramadhani. Vyumba viwili watu saba, kazi ya baba imesimama, mtihani haujulikani ni lini (tulikuja kuufanya 2021). Usingizi ukanikimbia. Najilaza baada ya daku, moyo unanidunda kama niliyekimbizwa, na siku nzima sijaenda popote.

Sasa, mfereji wetu maji hayapandi juu. Bibi wa ghorofa ya tatu alikuwa na muuza maji wake wa mkokoteni, naye akawa hawezi kuingia mtaani. Mama akanituma nimpelekee mtungi mmoja baada ya futari. Lita 20. Ngazi zetu ni za kizamani, nyembamba, vidato 41 na kila kimoja na kimo chake; cha kumi na saba kimeliwa ubavuni, sharti ukiruke. Mtungi wa kwanza niliutua mara tatu njiani. Kesho yake nikapeleka miwili. Wiki ya pili nilikuwa napanda bila kutua, halafu nalala fofofo mpaka naamshwa daku kwa kumwagiwa maji.

Sisemi ngazi ziliondoa shida. Baba hakurudi kazini eti kwa sababu mimi nimebeba mitungi. Ila kile kitu cha kifuani kilipungua. Haya, leteni zenu. Na kama mazoezi yalikushinda sema pia, hapa hakuna mwalimu wa michezo.

Zege_na_Makopo (Mbagala)

Sisi Bongo hatukufungiwa ndani, tusidanganyane. Vyuo vilifungwa Machi, Juni mosi tukarudi, na ligi ikaendelea mwezi huohuo. Jimu yetu ni uwanja wa nyuma ya gereji: zege limemwagwa kwenye makopo ya rangi, bomba katikati, basi umepata chuma. Kopo la huku zito kuliko la kule, ndiyo maana bega langu la kushoto liko juu mpaka leo.

Mimi kilichoniumiza ni mwanzoni mwa 2021. Msiba juu ya msiba, ukiuliza unaambiwa "changamoto ya upumuaji", unanyamaza, unarudi nyumbani kupiga nyungu, kujifukiza mvuke. Baba mdogo akaondoka. Siku ya tatu baada ya kuzika nikaenda jimu, nikalala kwenye benchi, chuma ninachokipiga mara kumi na mbili kikagoma kunyanyuka. Nikalia palepale. Wale wahuni hakuna aliyesema pole. Mmoja akakiondoa, akaniletea kile cha wanaoanza, akasema, "Piga hiki, nakuhesabia." Akahesabu mpaka ishirini, polepole, kama mtu anayehesabu hela za watu.

Kilo_11

Mimi sina hadithi. Niliongezeka kilo 11. Chapati. Endeleeni.

Rede_Kampala

Nilikuwa nasoma Kampala, mipaka ikafungwa kabla sijapata basi la Mwanza. Magari binafsi yalipopigwa marufuku barabara zikawa nyeupe, watu wakaanza kukimbia makundi kwa makundi, raha tupu. Aprili Rais Museveni akapiga marufuku kukimbia nje, kisha ikatoka video yake anakimbia ofisini na kupiga pushapu 30. Mzee wa miaka 75, nampa heshima yake. Lakini ofisi ile ina nafasi! Chumbani kwetu hosteli ukinyoosha mikono unamtia mwenzako kidole cha jicho.

Tulibaki wasichana wanne. Tukaruka kamba kwenye korido, wa chini akapanda na ufagio. Ndipo mmoja akakunja soksi zikawa mpira, tukaenda uani kucheza rede, na chupa ya kujaza mchanga kama kawaida. Mimi rede niliiacha darasa la sita! Siku ile nilipigwa mpira wa mgongo nikiwa nimejaza chupa nusu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa sijacheka mwezi mzima. Askari wa getini alijifanya hatuoni wiki ya kwanza. Ya pili akaomba awe mrushaji, akawa anarusha kama anaua nyoka.

Watoto wa mwenye hosteli, kwa taarifa yenu, shule kwao zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Hao ndio wa kuwauliza habari za msongo.

Kiatu_Kimoja (Iten)

Mimi naomba kupinga. Huku kwetu kukimbia ni kazi. Mwaka huo nilikuwa na miaka 20 na mbio yangu ya kwanza ya ng'ambo ilikuwa Mei, Ujerumani. Ikafutwa. Marathoni ya Boston ikaahirishwa halafu ikafutwa, Olimpiki ya Tokyo ikasukumwa mwaka mzima, makambi yakafungwa, tukaambiwa kila mtu akimbie peke yake.

Mkiwa thelathini alfajiri, vumbi puani, huna nafasi ya kuwaza. Unaangalia visigino vya aliye mbele, basi. Ukiwa peke yako kila kilomita inakuuliza: unakimbilia nini? Nikafanya ujinga. Nilitaka kunyamazisha kichwa, siku ya kilomita 20 nikawa naenda 35. Mwezi mmoja na nusu hivi, mfupa wa ugoko ukapata ufa. Dawa ikageuka sumu.

Kilichonituliza ni kupalilia mahindi na mama, nikichechemea. Mama haongei sana, lakini yupo kwenye mstari wa pili. Oktoba nikaona Kipchoge mwenyewe, bingwa wetu wa marathoni, anamaliza wa nane London. Sijui yake yalikuwa yapi, ila siku ile nilijisamehe.

Zamu_ya_Usiku (Dubai)

@Kiatu_Kimoja nakuunga mkono kwa upande mwingine. Aprili 2020 huku kutoka nje ni kwa kibali. Mimi ni mlinzi, nikawa nazunguka jengo la maduka lililofungwa, usiku kucha, peke yangu na ngazi za umeme zilizozimwa. Simu inanihesabia hatua 20,000 kila zamu. Kwa hesabu za wataalamu ningekuwa na afya ya swala. Wapi! Nikitembea nawaza mama Tanga, nauli ya ndege hakuna, na chumbani tunalala wanane kwenye vitanda vya ghorofa, mmoja akikohoa wote macho.

Mnepali mmoja pale chumbani akaanzisha mchezo wa karata. Unaokota karata, ikiwa saba unapiga pushapu saba, ikiwa kumi kumi, ukiokota mzungu wa nne, yaani mfalme, unapiga kumi na tano huku watu wanakuzomea kwa lugha nne. Haikufika robo saa kwa siku. Robo saa ile ilinisaidia kuliko hatua zote elfu ishirini.

Dadamkubwa (Kayole)

Nimewasoma wote. Sasa niwaulize nyinyi wanaume: mnasema mwili ukifanya kazi akili inatulia? Basi mimi ningekuwa mtu mtulivu kuliko wote Kayole. Kaka zangu walitoroka kwenda kucheza mpira hata ulipokatazwa. Mimi nilikuwa kwa karai la nguo, sufuria za watu tisa, na mapacha wa dadangu, mmoja mgongoni mmoja anavuta sketi. Jioni nimechoka kama punda na kichwa bado kinazunguka. Uchovu wa kutumwa na uchovu wako mwenyewe si kitu kimoja.

Mimi na msichana wa jirani tukaanza kutoka saa kumi na mbili asubuhi, kafyu ikishaisha, tunatembea haraka hadi stejini na kurudi. Dakika arobaini. Mama akiniuliza nimetoka wapi nasema "maziwa". Na kweli narudi na maziwa.

Sindano_Ndogo

Niongee kama muuguzi, kwa ufupi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Novemba 2020 unasema wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa saa moja ya mwendo kila siku. Watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Shirika hilohilo 2022 likasema wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 mwaka wa kwanza wa korona, na walioumia zaidi ni vijana na wanawake. Kwa hiyo hamkuwa mnajidekeza.

Dadamkubwa kagusa penyewe, dakika za kutumwa hazitulizi kama zako. Na aliyeugua korona asirudi mazoezini kwa pupa: kifua kikibana au moyo ukienda mbio ovyo, acha, ukapimwe. Usingizi ukikukataa wiki kadhaa, au umeanza kuona heri ufe, usibebe vyuma. Tafuta mtu wa kuongea naye leo, na uje kituo cha afya.

Kilo_11

@Mkaa_Ngazini na yule bibi je? Usituache kwenye ngazi.

Mkaa_Ngazini

Bibi yupo, themanini na ushei, ulimi wake mkali vilevile. Mtaa ulipofunguliwa Juni, muuza maji alirudi na mkokoteni wake. Bibi akamlipa, akamwambia aiache mitungi chini, yuko mtu wa kuipandisha. Nilikasirika kidogo, wallahi. Kisha nikapanda.

Kile kidato cha kumi na saba kimetiwa simiti mwaka jana. Mguu wangu bado unakiruka.