Nimefuta Ubuntu, GB 98 zimebaki wazi lakini C haitaki kuongezeka

kijana_wa_ssd
Wakuu, naomba msaada. Diski ni SSD ya GB 256, Windows 11 na Ubuntu vilikuwa humo pamoja. Patisheni (vipande vya diski) za Ubuntu nimeshazifuta kwa Disk Management. Kutoka kushoto sasa kuna EFI (ya kuwashia mashine) MB 100, C GB 139, Recovery (ya kurekebisha Windows) MB 750, halafu GB 98 zimeandikwa Unallocated. Nikibofya C, Extend Volume imefifia. Tena mashine ikiwaka inaishia kwenye grub>, hadi nibonyeze F12 nichague Windows. Sitaki kupiga Windows upya.

mzee_wa_patisheni
Tuanze na grub>. Kianzishi cha Ubuntu, yaani GRUB, bado kiko kwenye EFI, ila menyu yake ilikuwa kwenye patisheni uliyofuta, ndiyo maana kinakwama. Kwanza angalia kama C ina BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga data kwa ufunguo). Kama ipo, nakili ule ufunguo wa tarakimu 48 pembeni, maana ukigusa mambo ya kuwasha mashine inaweza kuudai. Ingia BIOS, panda Windows Boot Manager iwe ya kwanza. Kisha CMD kama admin:

mountvol S: /S
rd /s S:\EFI\ubuntu
mountvol S: /D

Folda ya ubuntu tu! Microsoft na Boot ziache, na patisheni ya EFI yenyewe usiiguse kabisa.

diskpart_tu
Kuhusu C: Windows huongeza patisheni kwa nafasi iliyogusana nayo upande wa kulia tu. Hiyo Recovery imekaa katikati kama ukuta. Mara nyingi ni sasisho kubwa la Windows linaloimega C na kuweka Recovery hapo.

Kwenye CMD ya admin andika reagentc /disable. Hapo Winre.wim (faili la kurekebishia Windows) inarudi C:\Windows\System32\Recovery. Ukishaiona huko, fungua diskpart:

select disk 0
list partition
select partition 4
delete partition override
select volume c
extend size=100000

Hiyo 4 ni mfano. Fuata ukubwa wa MB 750, kwa sababu list partition huonyesha pia ile ya MB 16 ambayo Disk Management huificha, namba zinaruka. Size ni kwa MB, nayo inabakiza kama GB 1 mwishoni ya kutengeneza Recovery mpya:

create partition primary id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac
gpt attributes=0x8000000000000001
format quick fs=ntfs
exit

Malizia na reagentc /enable.

kijana_wa_ssd
Asante wakuu, grub> imeondoka. Ila nimefanya reagentc /disable na Winre.wim siioni.

diskpart_tu
Imefichwa. Andika dir /a C:\Windows\System32\Recovery. Kama hata hapo haipo, usifute Recovery, nakala pekee iko humo. Washa mashine kwa flashi yenye GParted (programu ya kupanga patisheni), isukume Recovery hadi mwisho wa kulia. MB 750 ni kitu cha dakika chache. Ukirudi Windows, Extend Volume itakuwa imewaka, kisha reagentc /enable.