Bandari bila hewa ukaa: atoe fedha mwenye meli, mwenye gati au hazina ya umma?

Mtoa mada

Naanza na hesabu ili tusibishane hewani. Meli ya makontena ikishafunga gatini huzima injini kubwa, lakini jenereta zake zinaendelea kunguruma kwa ajili ya taa, pampu na makontena ya friji. Chukulia inatumia megawati 1.5 kwa saa 20. Hizo ni kWh 30,000. Kila kWh inakula takriban gramu 210 za mafuta, kwa hiyo zimeungua tani 6.3, na kila tani ya mafuta inatoa zaidi ya tani 3 za kaboni dioksidi. Ni kama tani 20 kwa meli moja, safari moja, na masizi yote yanawashukia wapakuzi na watu wanaoishi nyuma ya ukuta wa bandari.

Dawa ni meli izime jenereta na kuchomeka kebo ya umeme wa nchi kavu, na vifaa vya bandarini viache dizeli. Anayechafua alipe. Bandari za Los Angeles na Long Beach tangu Aprili 2022 zinatoza dola 10 kwa kila TEU (kipimo cha kontena la futi 20) yenye shehena inayoingia au kutoka kwa lori, na lori lisilotoa moshi limesamehewa. Fedha hizo zinasaidia kununua malori safi. Bandari yenye TEU milioni moja za namna hiyo kwa mwaka ingekusanya dola milioni 10. Kwa nini mlipa kodi aguswe?

Fundi wa Volti

Mkuu, tozo inaingia kidogo kidogo, vifaa vinadaiwa kwa mkupuo. Kabla meli ya kwanza haijachomeka kebo, ni lazima viwepo laini ya msongo mkubwa, kituo cha kupozea umeme, transfoma ya kuitenga kila meli, swichi, na masanduku ya soketi ukingoni mwa gati. Juu ya hayo kuna mashine ya kubadili masafa, yaani idadi ya mitetemo ya umeme kwa sekunde (Hz). Meli nyingi zinatumia Hz 60 wakati gridi za nchi nyingi ni Hz 50. Mashine hiyo ni miongoni mwa vitu ghali kuliko vyote hapo, na bajeti iliyoisahau huwa imekufa kabla ya kazi kuanza.

Kiwango cha kimataifa cha kuunganisha meli na umeme wa nchi kavu, IEC/IEEE 80005-1, kinataka kilovolti 6.6 au 11. Meli za makontena hutumia 6.6 na hubeba kebo zao wenyewe. Meli za utalii husubiri kebo itoke nchi kavu. Ukipanga masanduku bila kupima meli zinazofunga hapo na upande zinaolaza ubavu, kebo haifiki. Na transfoma kubwa ukiiagiza leo unaweza kuisubiri miaka 2 au zaidi. Riba ya kipindi hicho chote nani anailipa, wakati tozo yako bado inadondoka matone?

Daftari Jekundu

Riba inategemea swali moja la mkopeshaji: kifaa kitatumika saa ngapi? Mwaka una saa 8,760. Kifaa cha megawati 5 kikitumika saa 900 badala ya 4,500, gharama ya mtaji kwa kila kWh ni mara tano. Wenye meli wanaikuta bei hiyo, wanawasha jenereta zao, saa zinapungua zaidi. Vifaa vya gatini vinaweza kuoza hivyo hivyo bila hitilafu yoyote ya kiufundi.

Tozo nayo ina mlango wa nyuma. Shehena ya walaji wa ndani ya nchi haihami kirahisi, lakini ile inayobadilishiwa meli inahama hata kwa tofauti ndogo ya bei. Umoja wa Ulaya ulipoingiza meli katika soko lake la hewa ukaa, ambako mchafuzi hulipia vibali vya anachotoa, mwaka 2024 (asilimia 40 ya uzalishaji wa mwaka huo, 70 wa mwaka 2025, 100 kuanzia 2026), uliziorodhesha mapema bandari jirani za East Port Said (Misri) na Tanger Med (Morocco), ili meli ya makontena isitue hapo kubadilisha shehena na kukwepa malipo. Bandari moja haina ubavu wa kuandika kanuni kama hiyo. Bei ya hewa ukaa ya meli kwa dunia nzima, kupitia IMO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini), iliidhinishwa Aprili 2025, lakini Oktoba uamuzi wa kuipitisha ukaahirishwa kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo laini na kituo cha kupozea umeme vilipwe na umma, maana vitahudumia hata viwanda jirani. Kuanzia hapo hadi gatini alipe mtumiaji, kwa mkataba wa kulipia kiasi cha chini hata asipochomeka.

Kamba ya Gati

Mnakimbilia gatini mapema mno. Mahali ambapo gridi inaendeshwa kwa makaa ya mawe, kWh moja inakuja na takriban kilo moja ya kaboni dioksidi, wakati jenereta ya meli inatoa kama gramu 670. Masizi yanaondoka bandarini, ndiyo, na hilo ni jema kwa mapafu ya watu. Lakini msiliite punguzo la kaboni, na msiombe mkopo wa tabianchi kwa jina hilo.

Shilingi ya kwanza iende kwenye winchi za uwanjani zenye magurudumu ya mpira. Zikitolewa kwenye dizeli na kulishwa kwa kebo, akiba ya mafuta na ya matengenezo ya injini inalipa deni, na saa za matumizi anazipanga mwendeshaji mwenyewe. Kikwazo ni mkataba. Mwendeshaji aliyebakiza miaka 6 hatafunga kitu cha kudumu miaka 20 mpaka iandikwe kwamba atakayempokea atamlipa thamani iliyobaki. Na matrekta ya betri yakichajiwa yote wakati wa kubadilishana zamu, kilele cha matumizi kinapanda na ankara inameza akiba yote. Yachajiwe kwa zamu.

Mtoa mada

Nakubali kuhusu laini na kituo. Mkataba wa kiasi cha chini, hapana, si peke yake: kampuni kubwa ya meli itaukataa na bandari itanyamaza ili isiipoteze. Kinachobana ni sheria. Ulaya, kuanzia 2030, meli za makontena na za abiria zenye zaidi ya GT 5,000 (kipimo cha ukubwa wa ndani wa meli) zitalazimika kuchomeka katika bandari kuu zikikaa zaidi ya saa 2, isipokuwa zenye msamaha. Mkopeshaji akiona hivyo, saa 4,500 zinaaminika.

Fundi wa Volti

Basi sheria hiyo ibane pande zote mbili. Meli ikifika na plagi yake ikakuta soketi mbovu, mwenye soketi alipe mafuta yaliyoungua. Fedha za mafundi wa zamu, majaribio ya kuunganisha kila meli mpya na vipuri vya swichi ziingie kwenye mkopo tangu siku ya kwanza, zisiachwe kwa bajeti ya mwaka unaofuata.