Naomba ushauri: tasnifu ya leza na plazma nikiwa Kampala, itawezekana?

Habari zenu ndugu zangu. Nasoma shahada ya pili ya fizikia hapa Kampala na nimekwama kwenye mada.

Tangu Desemba 2022, pale maabara ya Livermore, Marekani, walipoelekeza miale 192 ya leza ndani ya kijikopo cha dhahabu chenye punje ya hidrojeni nzito, wakaingiza megajuli 2.05 za leza na kuvuna 3.15 kutoka muungano wa nyuklia, sina hamu na mada nyingine. (Najua, umeme waliotumia kuwasha leza zenyewe ulikuwa kama megajuli 300. Msinisute.) Kinachonivuta ni hatua ya mwanzo: leza ikigonga dhahabu, plazma (gesi ya elektroni na ayoni) inafuka, na sehemu ya mwanga inarudishwa nyuma kabla haijafanya kazi. Mtawanyiko wa Raman huo: wimbi la leza linagawanyika kuwa mwanga wa masafa ya chini zaidi na wimbi la elektroni za plazma.

Msimamizi wangu anasema hapa hatuna leza ya aina hiyo, nichukue sola. Mimi nataka kuiga kwa kompyuta. Nimepakua Smilei, programu huria ya Wafaransa ya kuiga plazma, juzi nikaendesha jaribio la mwelekeo mmoja (1D) kwenye laptopu ya gigabaiti 8. Feni ilinguruma saa nne nzima, kisha umeme ukakatika, betri yenyewe imekufa zamani. Kazi yote ikapotea, na sikuwa nimehifadhi chochote njiani.

Je, mwelekeo mmoja tu unatosha tasnifu? Na aliyewahi kuomba muda kwenye kompyuta kubwa za nje akiwa Afrika Mashariki, ulianzia wapi? Nakutana na mzee Ijumaa.