Naomba ushauri: namna ya kufundisha mihimili ya dola kidato cha pili

Habari zenu wakuu. Nafundisha Uraia shule ya sekondari ya kata, na naomba msaada wa walimu wenzangu na wanasheria mliomo humu.

Bunge, Serikali na Mahakama wanafunzi wanazitaja bila shida. Ugumu unaanza tukifungua Katiba ya 1977 yenyewe. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Ibara ya 55 nayo inataka mawaziri wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Binti mmoja akaniuliza: "Mwalimu, sasa waziri akiwa bungeni anamsimamia nani?" Swali zuri mno, na kitabu cha kiada hakimsaidii. Nimewaza kulinganisha na Kenya, ambako Katiba ya 2010 hairuhusu waziri kuwa mbunge, lakini nahofia kuwachanganya kabla hawajaielewa ya kwetu.

Mahakama ni rahisi kidogo, kwa sababu ya Mwanzo wanaiona kijijini. Kutoka hapo tunapanda hadi Rufani. Zanzibar ndiyo inahitaji muda: ina Katiba yake ya 1984, Baraza la Wawakilishi na Mahakama Kuu yake.

Nataka vijana hawa waelewe, siyo wakariri tu kwa ajili ya mtihani. Aliyewahi kuendesha bunge la darasani au kupeleka wanafunzi kusikiliza kesi, aliomba kibali kwa nani, na alianzia wapi? Na swali la yule binti, ningemjibuje kwa lugha nyepesi?