Bolti za flaiwili ya Hilux 3L zinalegea tena na tena, nifanyeje?

MzigoUporoto
Wakuu, habari zenu. Nina Hilux ya dizeli, injini aina ya 3L, gia za mkono. Kazi yake ni kutoa viazi Isyonje kuleta Mwanjelwa, Mbeya mjini. Bolti za flaiwili (lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki, mhimili unaozunguka wa injini) zililegea, zikafungwa, na sasa zimelegea tena. Dalili ni ileile: gari ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta) inagonga nyuma ya injini, ukikanyaga klachi mlio unabadilika. Mara ya kwanza tulidhani ni koniroda (fimbo inayounga pistoni na krenki), nusura injini ipasuliwe bure.

Sasa fundi anasema dawa ni kuchomelea vichwa vya bolti vishikane na flaiwili. Mwingine kaniambia niweke washa za springi. Gari hii ndiyo inasomesha watoto, siwezi kulipia kushusha giaboksi kila msimu wa viazi. Naombeni ushauri kabla sijaruhusu mtu awashe mashine ya kuchomelea.

Spana17
Mkuu, usichomelee. Bolti hizo ni za chuma kilichopikwa kikapata ugumu. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu ule karibu na kichwa, na hapo ndipo itakapokatikia. Halafu siku sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili isitoke, ikivuja, flaiwili utaitoaje? Utakata kwa grainda sentimita chache kutoka kwenye krenki.

Wengi wanaamini bolti ndizo zinazoisukuma flaiwili izunguke. Kazi ya bolti ni kubana. Kinachobeba nguvu ya injini ni msuguano kati ya uso wa flaiwili na uso wa krenki. Pakiwa na oili, kutu, rangi au mabaki ya gundi ya zamani katikati, nyuso hazilali sawasawa. Uchafu unasagika taratibu, mbano unapungua, flaiwili inaanza kucheza. Ikishaanza kucheza, hata ukaze kwa kuunga bomba kwenye spana, itafunguka tu.

Na njia yako inachangia. Ukipanda, injini inasukuma magurudumu. Ukishuka kuelekea Uyole na mzigo kwenye gia ndogo, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Flaiwili inavutwa huku, kisha inavutwa kule.

DogoWaVETA
Fundi Spana kasema kweli. Mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alionyesha mwaka 1969 kwamba bolti hufunguka zaidi pale vitu vilivyobanwa vinapoteleza kwenda pembeni na kurudi. Kwa hiyo washa ya springi sahau: ukishakaza inalala bapa kabisa, haina tena inachozuia. Hapo ndani inaweza hata kupasuka.

MamaHiace
Kaka, kabla ya yote tujibu hili: bolti zilizomo ni za gari hiyo, au mtu alinunua za duka la vifaa vya ujenzi? Angalia kichwani zimeandikwaje. Na je, huko nyuma kuna unyevu wa oili?

MzigoUporoto
Dada, asante kwa swali. Giaboksi tayari iko chini. Bolti mbili zimeandikwa 8.8, zilizobaki zina alama tofauti, na hizo mbili ni fupi kidogo. Oili ipo, chini ya sili pamelowa na klachi pleti ina madoa.

Spana17
Basi ugonjwa umeuona mwenyewe. Hiyo 8.8 ni daraja la nguvu ya bolti, na ni dhaifu kuliko inayotakiwa hapo, na ikiwa fupi inashika nyuzi chache. Zikichanganywa na nyingine, kila moja inabana kivyake.

Nunua seti nzima mpya ya injini hiyohiyo. Usipeleke sampuli ya ile fupi dukani! Badilisha sili ya nyuma sasa hivi, maana ukiiacha, utashusha giaboksi tena kwa ajili yake. Kisha kagua matundu ya flaiwili. Yakiwa yamepanuka na kuwa na umbo la yai, hiyo flaiwili haifai, tafuta nyingine. Watu hupenda kuokoa hapa, mimi nawasihi wasiokoe. Flaiwili ikichomoka kwenye mwendo inapasua nyumba ya klachi, na miguu ya dereva iko karibu.

Kwenye usafi usiharakishe. Uso wa krenki na mgongo wa flaiwili visuguliwe hadi chuma kitupu, bila kuchimba, vifutwe kwa breki klina na kitambaa kisichoacha nyuzi. Matundu ya krenki yasafishwe hadi chini. Oili ikibaki ndani, gundi ya nyuzi, ile inayozuia bolti isilegee, haishiki. Halafu ingiza bolti zote kwa mkono, kaza kwa kuvuka, moja na ya upande wa pili, kwa awamu mbili au tatu, ukimalizia na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Namba ya kukazia itoke kwenye kitabu cha injini yako, usichukue ya jirani. Injini nyingine za Toyota, kama 1NZ, hukazwa kwa kipimo halafu zinaongezwa digrii 90.

MlimaKitonga
Niko Iringa, nafanya magari yanayopanda Kitonga. Gundi nyekundu ya nyuzi mimi naiweka, matone machache tu, bora isiwe ndiyo tegemeo. Kuna injini ambazo matundu ya bolti yanatoboka hadi ndani, hapo gundi inazuia na oili isipande. Ila jamani, baridi ya Juni na Julai huku kwetu inachelewesha gundi kukauka. Fungeni jioni, gari ilale, iwashwe kesho yake. Siku ya kufungua, pasha bolti moto kwanza.

Tena aangalie puli ya mbele ya krenki. Kama ni ile yenye mpira na mpira umeachia, mtikisiko wote unaishia kwenye flaiwili. Na presha pleti ikiwa imepinda ni hivyohivyo.

MzigoUporoto
Nimewaelewa wakuu. Seti ya bolti na sili naagiza leo, mashine ya kuchomelea nimeikataa. Swali la mwisho: baada ya kutembea kidogo, niwaambie wafungue kifuniko waziongeze nguvu?

Spana17
Hapana. Gundi ikishakauka, ukiigusa bolti unaivunja ile gundi na unarudi mwanzo. Sikiliza tu sailensa injini ikiwa ya moto, klachi imeachiwa na ikiwa imekanyagwa. Pakiwa kimya, pakia viazi.